Dhana kwa Bei ya Yakini

Wasomaji wetu watatusamehe tukianza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tuliyo nayo mwezi huu ni maneno makali kidogo, wala haifai kumkemea mwenzio kwa jambo ambalo nawe umelitenda ukalificha.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisahihisha karatasi za mtihani wa historia katika shule moja ya pwani hii ya kusini. Swali lilikuwa fupi: Je, ufalme wa Washirazi wa Kilwa ulianza mwaka gani? Katika karatasi ya majibu tuliyopewa palikuwa na tarakimu tatu tu, 975. Wanafunzi karibu wote waliziandika, kwa kuwa ndizo tulizowaandikia ubaoni. Kijana mmoja hakuziandika. Yeye aliandika kwamba wenye elimu hawajapatana juu ya jambo hilo. Kwamba wengine hutaja karne ya 10, wengine ya 11, na mmoja mkubwa wao alipata kusema mwisho wa karne ya 12. Tukashika kalamu nyekundu, tukamtia kosa, alama zake mbili zikapotea. Alipokuja kwetu baadaye aliuliza kwa adabu yote, "Samahani, Mwalimu, aliyeuhesabu mwaka ule ni nani?" Tulimjibu kwamba umeandikwa kitabuni, tukamwambia akakae.

Kijana yule alikuwa na haki, nasi tulikuwa hatuna. Basi na tueleze kwa nini, maana katika kisa hiki kidogo mna ugonjwa mzima tunaotaka kuusema.

Tukitazama vitabu tutaona kwamba vingine vyasema 975, na vingine vyasema 957. Tarakimu ni zilezile tatu, mbili zimebadilishana nafasi, na kila kitabu chasema kana kwamba mwandishi wake alisimama ufukoni akawapokea wageni kwa mkono. Asili ya habari yenyewe ni nini? Ni masimulizi ya Kilwa yaliyotufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu kilichotungwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa London. Ya pili ni muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Hayo mawili ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. La Kiarabu lasema vilikuja vyombo saba, na cha sita ndicho kilichofika Kilwa. La Kireno lataja vyombo viwili tu vilivyotoka Hormuz. Kisha husimuliwa kwamba yule mgeni alikinunua kisiwa kwa mwenyewe kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka pande zote, na akiisha kukipata akachimba mkondo ili watu wa bara wasiweze tena kuvuka kwa miguu maji yakitoka. Ni masimulizi mazuri, nasi twayapenda, wala hatusemi ni uongo. Twasema tu kwamba mtu anayeona nguo inazungushwa kisiwa kizima cha Kilwa, mikoko na yote, asiseme "bila shaka" kabla hajavuta pumzi.

Sasa tuangalie wenye elimu walivyofanya. Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, akakitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Aliziokota sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, mfalme wa kwanza wa masimulizi, akazitazama zilimokuwa katika matabaka ya udongo, akasema ufalme ule haukuanza kabla ya mwisho wa karne ya 12. Watu wakaanza kuandika hivyo. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikavumbuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zina jina hilohilo, na pamoja nazo zilikuwako dinari za dhahabu za karne ya 11. Hesabu ikarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Tazameni, wasomaji, mtu mmoja na jina moja, naye amehamahama katika karne tatu. Chittick hakuwa mjinga. Alisema aliloliona katika mashimo yake, akaeleza kwa nini alisema, na kwa sababu aliieleza njia aliyopita, wengine waliweza kuirudia njia hiyo na kuona pale ilipopinda. Sisi tulioandika 975 ubaoni hatukuacha njia yoyote ya kurudiwa.

Juzijuzi hapa yametokea mengine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani hii na mji mmoja wa bara, watu wa Kilwa na Songo Mnara wakiwamo. Waliochunguza waliona katika wengi wao damu ya mama wa Kiafrika na damu ya baba waliotoka Asia, wengi wa baba hao kutoka Uajemi, na wakakisia kwamba kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Wakasema kwamba jambo hili lapatana na masimulizi ya Kilwa. Lapatana, ndilo neno lao. Tumewasikia kwa masikio yetu watu waliosoma wakisema barazani kwamba elimu ya damu "imethibitisha" habari za Ali bin al-Hasan, vyombo vyake saba na nguo zake. Imethibitishaje? Mifupa haina jina la mfalme wala hesabu ya vyombo. Mtu akisema amekuja kwa njia ya Nangurukuru, nasi tukaona viatu vyake vina vumbi, vumbi lapatana na maneno yake. Lakini vumbi liko katika njia nyingi.

Hapo ndipo tunapopata shabaha ya maneno yetu. Habari ni kama samaki mnadani. Mvuvi amtoa mashuani akimjua alivyo, dalali amtaja kwa sifa, mchuuzi ampandisha bei, na afikapo jikoni amekwisha kuwa nguru mkubwa kuliko mashua iliyomleta. Mchunguzi aandika "yaelekea". Anayemnukuu aandika "imeonekana". Mwenye kutunga kitabu cha shule aandika "ilikuwa". Mwalimu, kwa kuwa ana dakika arobaini tu na watoto wanapiga kelele, aandika mwaka na kuupigia mstari. Hakuna hata mmoja katika hao aliyekusudia kusema uongo! Kila mmoja ameongeza kidogo tu, na mwisho wake dhana imeuzwa kwa bei ya yakini, na mnunuzi ni mtoto asiye na njia ya kuipima.

Mfano mbaya kuliko huo ni ule wa sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la nchi hiyo, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, upande wa kaskazini. Alizitia katika kopo, zikakaa humo mpaka mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Ikaonekana kwamba tano ni za Kilwa, na nne ni za Waholanzi, nazo ni changa kuliko zile za Kilwa kwa karne kadhaa. Hayo ndiyo yanayojulikana, na kwa kweli ni ya ajabu ya kutosha. Lakini tumekwisha kusoma, tena si mara moja, kwamba Waswahili wa Kilwa "waligundua Australia" kabla ya Wazungu. Jamani! Sarafu haina miguu wala haina dira. Yaweza kubebwa na Mwarabu, Mholanzi, Mmalai au mvuvi asiyejua kusoma kilichoandikwa juu yake, tena miaka mia tatu baada ya kupigwa. Tungependa sana babu zetu wawe wamefika huko. Moyo wapenda, na kwa sababu moyo wapenda ndiyo maana kalamu yapaswa kwenda polepole. Hatuhitaji kuwaazima wazee wa Kilwa sifa ya kukisia, na hali wana sifa iliyo wazi: walipiga fedha yao wenyewe, walishika biashara ya dhahabu ya Sofala, walijenga Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mabaki yake yasimama hata leo.

Wako watakaosema kwamba uangalifu huu ni jambo la kigeni tunaloletewa kutoka vyuo vya ng'ambo. Si kweli. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Alipotaja mahali pa Sofala alisema ameambiwa na mfanyabiashara mmoja kwamba ni mwendo wa nusu mwezi. Hakusema ni nusu mwezi. Alisema nani alimwambia. Sisi tunaojua umbali ule twaona kwamba mfanyabiashara alikosea sana au alieleweka vibaya, walakini jina jema la msafiri halikuchafuka, kwa kuwa alituachia deni mlangoni pa mwenyewe. Lakini pale aliposema kwa kinywa chake kwamba majengo ya Kilwa ni ya mti, pametuletea taabu, maana mawe yako. Tukumbuke tena kwamba safari ile aliisimulia baada ya miaka zaidi ya 20. Na wanazuoni wa pwani yetu, wakiisha kutoa hukumu yao katika jambo gumu, hutia mwisho kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Neno hilo lina uzito likitiwa mahali pake. Likitiwa baada ya kila sentensi, hata baada ya kusema kwamba Lindi iko kando ya bahari, limekuwa pambo.

Na hapa yatupasa kugeuka tuwatazame wale wa upande wa pili, maana wako waalimu wanaodhani kwamba wamekwisha kupona ugonjwa wa "bila shaka" kwa kuwa wameambukizwa ule wa "huenda". Tumepata kusoma insha iliyosema, "Inasemekana ya kuwa huenda Kilwa ilikuwa na umuhimu wa namna fulani katika biashara." Inasemekana na nani? Umuhimu wa namna gani? Mtu huyu ana sarafu mkononi na msikiti mbele ya macho, naye angali aogopa kusema kwamba bahari ina chumvi! Watu huita jambo hili unyenyekevu. Sisi twaliita woga. Mwenye "bila shaka" aweza kukamatwa: twaweza kumwambia, ulisema hivi, na mambo si hivi. Lakini mwenye "inasemekana" hakamatiki kamwe. Likitokea la kweli atasema, Nilisema mimi. Likitokea la uongo atasema, Mimi nilisikia tu. Amekula pande zote mbili za mkate, wala hakulipa.

Tena, kwa kuwa tunawashika wengine kwa maneno yao, na tujishike na sisi. Twajiita "sisi" kwa desturi ya kurasa hizi, lakini kalamu ni moja. Msomaji asidhani kwamba nyuma ya neno hili mna baraza la wazee waliokaa wakashauriana.

Lugha yetu haikutunyima maneno. Tuna kuona, kusikia, kuambiwa, kusoma, kukisia, kudhani, kuamini, kujua. Na kila moja lina kipimo chake, kama vile rubani wa chombo aingiapo mlango wa bandari asivyosema "maji ni mengi", bali hutupa bildi na kuzitaja pima alizozipata. Na mahali asipotupa, husema kwamba hapo hakupima. Abiria wenye haraka humwona msumbufu. Lakini yeye ndiye ajuaye mwamba ulipo.

Labda msomaji atasema, Mwalimu, haya ni mambo ya sarafu na miaka ya kale, nani ataumia tukikosea karne moja? Basi tuyaache ya Kisiwani, twende vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, mahali ambapo makosa haya yana uzito wa makaburi.

Vita ya Maji Maji ilianza huko, Nandete, mwezi wa Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka uleule. Vita ikaenea kusini yote mpaka mwaka 1907. Je, walikufa wangapi? Serikali ya Wajerumani iliandika 75,000. Mtaalamu wetu Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee katika nchi ya Kilwa na Matumbi katika miaka ya 1960, alikisia kati ya 250,000 na 300,000. Na kwa upande wa serikali hutajwa kwamba Wazungu waliokufa walikuwa 15. Msomaji, yaangalie tena maandishi hayo. Wazungu wamehesabiwa mmoja mmoja. Watu wa nchi wamehesabiwa kwa maelfu ya mviringo, na kati ya hesabu ndogo na hesabu kubwa pana nafasi ya watu zaidi ya laki mbili ambao hakuna ajuaye kwamba waliishi au walikufa.

Sasa waandishi wetu wafanyaje? Mwenye "bila shaka" huchagua 300,000 kwa kuwa yamridhisha hasira yake, au 75,000 kwa kuwa imo katika karatasi ya serikali yenye mhuri, naye huiandika bila neno jingine. Mwenye "huenda" afanya jambo baya zaidi: kwa kuwa hesabu haijulikani, huandika kwamba habari za vita ile hazijulikani sawasawa, kana kwamba shaka ya hesabu imemwagika juu ya kila kitu ikakilowanisha. Hapo twakataa kwa nguvu zetu zote. Hesabu ya waliokufa ni ya kukisia. Sababu ya vifo vyao si ya kukisia. Wengi walikufa kwa njaa, na njaa ile haikushuka kutoka mbinguni: majeshi ya serikali yalichoma vijiji na vyakula na kuharibu mashamba, kwa makusudi, ili watu washindwe kwa tumbo. Hilo limo katika habari za wale waliofanya, na limo vinywani mwa wale waliofanyiwa. Mwandishi mwaminifu ataziandika sentensi mbili zilizokaa bega kwa bega, moja ina "yakisiwa" na ya pili haina, wala hataiacha ya kwanza iidhoofishe ya pili.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee habari za vita hiyo. Wazee wale hawakupita chuo chochote, nasi twapenda kuwakumbuka wenzetu kwamba mzee wa namna hiyo ukimwuliza vizuri hutenganisha mwenyewe: haya niliyaona nikiwa mtoto, haya alinisimulia marehemu baba, haya watu husema. Sisi tunaokuja na kalamu ndio tunaoyakoroga yote katika chungu kimoja tukaandika "wazee wanasema".

Tumeambiwa na mwalimu mwenzetu, mtu mzima tunayemheshimu, kwamba mwalimu akisema "sijui" mbele ya darasa heshima yake huvunjika, na kwamba mtoto ahitaji kitu cha kushika. Hoja hii si ndogo, wala hatutaipuuza. Mtoto wa darasa la tano hawezi kubebeshwa ugomvi wote wa sarafu za Mtambwe. Lakini yaweza kuandikwa ubaoni, "karne ya 11 hivi," na neno "hivi" halimlemei mtoto yeyote. Sokoni hulitumia kila siku. Na kuhusu heshima, tumtazame mnyama wa Tendaguru. Mifupa yake ilichimbwa na watu wa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikachukuliwa na wapagazi mpaka bandarini, ikasimamishwa Berlin mwaka 1937. Kwa miaka sabini watu walimtazama mnyama yule mguu wake umekaa hivi na mkia wake umeburura hivi. Kisha wenye elimu wakaona kwamba walikosea, wakamvunja mfupa kwa mfupa, na mwaka 2007 wakamsimamisha upya, miguu imenyooka na mkia uko juu. Hata jina alilopewa mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, wengi sasa wamelibadilisha kuwa Giraffatitan. Hatujasikia kwamba watu waliacha kwenda kumtazama.

Lililo gumu zaidi ni la mitihani. Karatasi ya majibu yataka neno moja, na mwalimu anayefundisha mawili huogopa kuwapotezea wanafunzi wake nafasi. Hatuna dawa ya hilo, ila twawaomba wanaotunga maswali waulize, "Twajuaje kwamba Kilwa ilikuwa mji mkubwa katika karne ya 14?" mahali pa kuuliza mwaka usiojulikana. Swali hilo lina majibu mengi ya yakini, na mtoto wa Kilwa Masoko aweza kuvuka kwa mashua akayagusa kwa mkono.

Kijana wetu yule amekwisha kuwa mtu mzima sasa, ana biashara yake Kivinje. Tulionana naye mwaka jana, akatuamkia shikamoo kama zamani, nasi tukamweleza habari za Mtambwe na za mifupa, tukamwambia kwamba siku ile yeye alisema kweli. Akacheka, akasema, "Mwalimu, na zile alama zangu mbili?" Tukamwambia kwamba karatasi zile zilikwisha chomwa zamani.